Nusu otonglo mfukoni: Maisha ya Pupin na koili yake

Abiria anayetoka mjini Kisumu akielekea Maseno na Busia hupita Otonglo punde tu baada ya kuuacha uwanja wa ndege. Jina la mahali hapo ni jina la pesa. Katika Kidholuo, otonglo ni senti kumi, ile sarafu kubwa ya zamani iliyokuwa na tundu katikati. Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza redio isiyotumia betri, nikiwa mwanafunzi wa sekondari katika miaka ya 1990.

Redio yenyewe ilikuwa kazi ya mwana wa jirani. Alikuwa na waya wa mita kumi na tano hivi uliotoka dirishani hadi kwenye mwembe, waya mwingine uliofungwa kwenye bomba la maji lililozama ardhini, dayodi aliyoibandua katika redio mbovu, na kisikizi cha kutia sikioni. Ukikisikiliza kwa makini ulisikia watu wawili wakizungumza kwa pamoja, wote wawili mbali kana kwamba wako ng'ambo ya ziwa. Mwalimu wetu wa fizikia alipopita alisikiliza kidogo, akacheka, kisha akachukua chupa ya plastiki na kuizungushia waya mwembamba mara themanini au zaidi. Koili hiyo akaiunganisha baina ya waya wa mwembeni na redio, akaongeza kapasita ya kugeuza kwa mkono. Alipoigeuza polepole, sauti moja ilizama na ya pili ikasogea karibu hata tukaweza kuifuata habari nzima.

Mwalimu alitueleza kwamba ujanja huo ulitokana na mchunga ng'ombe mmoja wa Ulaya aliyeshuka melini Marekani na senti tano, yaani nusu otonglo. Kengele ikalia, na hadithi ikaishia hapo. Ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba alikuwa ametupa nusu ya hadithi pia, na kwamba nusu iliyobaki inawahusu sana walimu na wanafunzi wa leo.

Kwanza tuielewe koili yenyewe. Redio ya kristali haina nguvu ya kwake. Kinachokitikisa kisikizi ni umeme hafifu unaonaswa na antena kutoka kwenye mawimbi yaliyosafiri hewani tangu mtambo wa kurushia matangazo, na kiasi chochote kinachopotea njiani hakifidiwi. Stesheni ya masafa ya kati inayotangaza kwa kilohezi 1,000 ina wimbi lenye urefu wa mita 300. Antena ya kusimama iliyo robo ya wimbi hilo ingekuwa na mita 75, na hakuna mwembe wa kimo hicho Otonglo wala kwingineko. Waya mfupi huwa kama kapasita: waya upande mmoja, ardhi upande wa pili na hewa katikati, nayo huuwekea kizuizi mkondo wa masafa hayo. Koili nayo huweka kizuizi cha namna iliyo kinyume. Zikipatana kwa kipimo kinachofaa, kizuizi cha moja hukifuta kizuizi cha nyingine, na mkondo wa stesheni moja hupita kwa wingi huku za jirani zikibaki nje. Hiyo ndiyo koili ya mzigo, na kapasita ya kugeuza ndiyo inayomwezesha msikilizaji kuilinganisha antena yake na stesheni aitakayo. (Anayetaka kujaribu na aushushe waya wake mara aonapo mawingu yakijikusanya; radi za Kisumu hazina mzaha.)

Sasa turudi kwa mchungaji. Mihajlo Pupin, ambaye Wamarekani walimwita Michael, alizaliwa katika kijiji cha Idvor, eneo la Banat, lililokuwa wakati huo chini ya dola ya Austria na ambalo leo limo nchini Serbia. Vitabu vingi hutaja mwaka wa 1858, ingawa vipo vinavyotaja 1854. Wazazi wake, Konstantin na Olimpijada, walikuwa wakulima wasiojua kusoma wala kuandika. Mama ndiye aliyeshikilia kwamba mwana huyu lazima asome, na kila alipotaka kuacha shule, mama ndiye aliyemrudisha.

Wakati wa likizo za kiangazi, wavulana wa Idvor walilinda ng'ombe wa kijiji usiku wakifunzwa na mchungaji mzee. Malisho yalipakana na mashamba ya mahindi, na ndani ya mahindi walijificha wezi wa mifugo. Giza lilikuwa nene, na kuitana kwa sauti kungewaambia wezi mahali walipo walinzi. Kwa hiyo kila mvulana alikuwa na kisu chenye mpini mrefu wa mti, akakichomeka ardhini na kuugonga mpini. Wenzake walilala kifudifudi, sikio likigusa udongo, wakapima sauti imetoka upande gani na umbali gani. Mihajlo aligundua kwamba sauti ilisafiri mbali katika udongo mgumu wa malisho, ikafifia haraka ilipofika kwenye udongo tifutifu wa shamba lililolimwa. Akajiuliza kwa nini.

Yeyote aliyechunga ng'ombe ukanda huu wa ziwa anajua kwamba mchungaji hujifunza kusikia kabla ya kujifunza kuona. Ila naomba mwalimu anayesimulia kisa hiki asikiharakishe. Ujuzi wa visu haukuwa wa Pupin. Ulikuwa wa wachungaji wa Banat, wazee kwa vijana, nao waliurithishana bila ya kuuandika popote. Swali lilikuwa lake. Kifaa kilikuwa cha kijiji.

Katika mji wa Pančevo alikutana na mwalimu Mslovenia, Simon Kos, ambaye hakulipuuza swali hilo bali alimfungulia mlango wa elimu ya sauti na umeme, akamsimulia pia habari za Benjamin Franklin na tiara yake. Kutoka Pančevo alipelekwa Prague. Huko akapata habari kwamba baba yake amefariki dunia. Kwa kuwa hakutaka kumtwika mama mzigo wa karo, aliuza saa yake, vitabu vyake na koti lake la ngozi ya kondoo, akanunua nafasi ya daraja la chini kabisa katika meli iliyotoka Hamburg. Njiani, kwa kukosa lile koti, aliipitisha baridi ya usiku kwa kukumbatia dohani ya meli.

Alishuka New York mwezi wa Machi 1874. Maofisa wa uhamiaji walipotaka kujua iwapo anamjua mtu yeyote Marekani, alimtaja Franklin, Abraham Lincoln na Harriet Beecher Stowe. Wakamwachia. Zile senti tano alizokuwa nazo alinunua pai ya plamu, akaiuma, akakuta imejaa kokwa. Mwaka huo huo wa 1874, huko Ujerumani, Karl Ferdinand Braun alitambua kwamba kristali fulani za madini hupitisha umeme upande mmoja kuliko upande wa pili, jambo ambalo baadaye liliiwezesha redio ya kristali kuzaliwa. Bila shaka hakuna aliyeyaunganisha matukio hayo mawili wakati huo.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya jasho. Aliswaga nyumbu katika shamba la Delaware, akafanya kazi ya kibarua hapa na pale, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha biskuti mjini New York. Usiku alisoma katika maktaba ya Cooper Union. Mwaka 1879 aliingia Chuo cha Columbia, na katika mtihani wa kuingia aliwastaajabisha wakaguzi kwa kughani kwa moyo vitabu viwili vya kwanza vya Iliadi kwa Kigiriki. Alihitimu mwaka 1883, akaenda Cambridge, halafu Berlin alikosoma chini ya Hermann von Helmholtz na kupata shahada ya udaktari mwaka 1889. Mwaka huo huo akarejea Columbia kufundisha, na huko ndiko alikotumikia maisha yake yote.

Utafiti wake wa mwanzo ulihusu jambo lile lile ambalo mwalimu wetu alituonyesha kwa chupa ya plastiki: namna koili na kapasita zinavyochagua masafa moja na kuyakataa mengine. Alitaka waya mmoja wa telegrafu uchukue ujumbe mwingi kwa wakati mmoja, kila ujumbe kwa masafa yake. Hataza zake za kazi hiyo zilinunuliwa baadaye na kampuni ya Marconi. Mwanzoni mwa 1896, majuma machache baada ya ugunduzi wa eksirei, aliharakisha upigaji wake wa picha kwa kutumia kioo kinachong'aa, akaupiga mkono wa mtu uliokuwa umejaa risasi za marisau. Mwaka huo ulikuwa pia wa msiba. Aliugua homa ya mapafu, na mkewe Sarah akafariki.

Jina lake, hata hivyo, limesimama juu ya simu. Katika miaka ya 1890 simu ya mbali ilikuwa na ila kubwa. Sauti haikupungua tu, bali iliharibika, kwani ndani ya kebo masafa ya juu hufifia upesi kuliko ya chini. Sisi wanaisimu tunaelewa maana yake. Irabu zinazotegemea masafa ya chini zilifika zikiwa na nafuu, lakini vikwamizo kama f, s na sh, ambavyo uhai wake umo katika masafa ya juu, vilifia njiani. Msikilizaji alipata mwili wa neno bila ya mifupa yake.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, Pupin alipata fununu ya dawa akiwa likizoni katika milima ya Uswisi mwaka 1894. Alikuwa akisoma habari za hesabu ya zamani ya Mfaransa Lagrange kuhusu uzi mwepesi uliotungwa vitu vizito mfano wa shanga. Ukiutikisa uzi mtupu upande mmoja, mtikisiko hufifia kabla ya kufika mbali. Ukiutunga mizigo midogo kwa nafasi zinazofaa, mtikisiko huo husafiri zaidi. Katika waya wa simu, koili ndiyo shanga. Mfano huu ndio unaolifanya jina la mzigo lieleweke. Sharti ni kwamba koili ziwe karibu karibu, kadhaa ndani ya urefu wa wimbi moja, zisije zikalirudisha wimbi lilikotoka. Alipeleka ombi la hataza Desemba 1899, akapewa Juni 1900. Kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T, ilinunua haki hizo. Kufikia Januari 1901 alikuwa amelipwa dola 200,000, na kufikia 1917 jumla ilikuwa dola 455,000.

Msomaji makini ameona kwamba koili ya waya wa simu na koili ya mwembeni hazifanyi kazi moja. Ya simu huzuia sauti isiharibike katika safari ya maili nyingi. Ya antena hufuta upungufu wa waya mfupi. Umbo ni lile lile na jina la mzigo ni lile lile, lakini aliyemfunza mwanafunzi kuwa ni kitu kimoja atakuwa amemchanganya. Hilo ni kosa dogo la mwalimu wangu, nami namsamehe.

Kosa kubwa zaidi ni kumwacha nje Oliver Heaviside. Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1850 katika familia maskini ya London. Alikuwa na uziwi kiasi tangu utotoni, hakupita chuo kikuu chochote, akafanya kazi ya telegrafu kwa miaka michache tu, kisha akajifungia nyumbani na vitabu. Mnamo 1887 alionyesha kwa hesabu kwamba njia ya simu inaweza kupitisha sauti bila ya kuiharibu, mradi waya uongezwe tabia ile ile inayopatikana katika koili. Naam, miaka 12 kabla ya ombi la Pupin. Mkuu wa mafundi wa Posta ya Uingereza, William Preece, aliamini kinyume kabisa na akatumia cheo chake kuyazima maandishi ya Heaviside. Wazo likalala nchini mwake kama mbegu kwenye mwamba.

Yupo pia wa tatu. George Campbell, mhandisi wa AT&T, alikuwa ameikamilisha hesabu ya nafasi za koili kwa njia yake mwenyewe wakati ule ule Pupin alipokuwa akiishughulikia. Ombi la kampuni lilifika ofisi ya hataza Machi 1900, miezi mitatu baada ya lile la Pupin. Shauri likaamuliwa kwa kufuata tarehe. Wapo wanahistoria waliochunguza karatasi za pande zote mbili wakaona kwamba Campbell ndiye aliyekuwa mbele kwa vitendo.

Je, Pupin alikuwa mwizi? Siamini hivyo. Heaviside hakutoa kanuni ya nafasi baina ya koili, na bila ya kanuni hiyo hakuna fundi ambaye angejua pa kuchimba. Tena, katika makala yake ya kitaalamu ya 1900 Pupin alimtaja Heaviside kwa heshima kuwa ndiye aliyetangulia kulitetea wazo hilo, akasikitika kwamba hakusikilizwa kwao. Ninachomlaumu nacho ni kitabu chake cha maisha, kilichotoka 1923 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1924. Humo koili ni tunda la kijana wa Idvor, visu vya wachungaji na mlima wa Uswisi. Heaviside hana nafasi yenye uzito. Kitabu hicho ndicho kilichosomwa na umma, na ndicho, kwa kupitia vinywa vingi, kilichomfikia mwalimu wetu. Makala ya 1900 walisoma wahandisi.

Hapa taaluma yangu inanilazimisha kusema jambo. Wafaransa, Wajerumani, Waserbia na wengineo walipotafuta neno la kazi ya kutia koili katika njia ya simu, walichukua jina la Pupin wakaliundia kitenzi na nomino. Kwa Kijerumani koili yenyewe huitwa kwa jina lake. Kiingereza kilibaki na mzigo. Heaviside naye hakupata neno hata moja hapo, ingawa ndiye aliyeubunia umeme msamiati ambao mwanafunzi wa fizikia hawezi kuukwepa: maneno ya Kiingereza kama inductance, impedance na conductance yalitoka kalamuni mwake katika miaka ya 1880. Yaani mmoja alitoa maneno na mwingine akageuzwa neno. Inasimuliwa kwamba AT&T ilipotaka kumpa Heaviside fedha, alizikataa, kwa kuwa hakuahidiwa kutambuliwa kikamilifu. Alikuwa fukara alipozikataa. Alifariki Torquay mwaka 1925.

Kwa sababu hiyo nashangaa tunapodhani kuwa uundaji wa istilahi za Kiswahili ni kazi ya kutafuta visawe tu. Neno hugawa sifa. Tukiamua kusema koili ya Pupin, tumekwisha kutoa hukumu. Tukisema koili ya mzigo, tumeurudisha ushahidi kwenye uzi na shanga zake, ambako kila mwanafunzi anaweza kuujaribu kwa kamba na vifundo. Mimi nimechagua la pili, na nitalitetea katika kikao chochote cha istilahi.

Yasije yakasahaulika mema ya Pupin darasani. Katika maabara yake ya Columbia alikulia Edwin Armstrong, aliyeipa redio nguvu ya kujikuza sauti na hatimaye akavumbua, mwaka 1933, mfumo wa FM ambao leo unajaza masikio ya Wakenya wote. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza Pupin alikuwa balozi mdogo wa heshima wa Serbia mjini New York, na mwaka 1919 alikwenda Paris kwenye mkutano wa amani kuitetea nchi yake kuhusu Banat. Alikumbuka pia kijiji chake, akakijengea nyumba ya umma ya kusomea, ambayo hakuiona ikikamilika. Alifariki New York tarehe 12 Machi 1935, akazikwa katika makaburi ya Woodlawn.

Mwaka 1993, wakati mfumuko wa bei ulipoitafuna Yugoslavia, picha ya Pupin ilichapishwa kwenye noti ya dinari milioni 50. Noti hiyo ilipoteza thamani haraka kama zilivyopoteza nyingine zote za mwaka huo, na leo huuzwa kwa wakusanyaji wa pesa za kale. Senti tano za 1874 zilinunua angalau pai, ijapokuwa ilikuwa na kokwa.